Kilichosimama Ndani ya Shibiri

Mara ya kwanza kijikioo kiliandika kumi na tisa, na mbele ya kihisi hapakuwa na kitu.

Fundi alikunja uso. Ilikuwa saa nne asubuhi siku ya Jumanne, dirisha la karakana likiwa wazi, na binti yake alikuwa amekaa kwenye stuli katikati ya chumba, amefungwa mkanda mpya kwenye paji la uso. Katikati ya mkanda palikuwa na kihisi cha duara, kikubwa kama kifungo cha koti. Ukuta wa mbele ulikuwa mita tatu kutoka hapo. Kijikioo cha tarakimu kilichokuwa mkononi mwa fundi, kilichoungwa na mkanda kwa waya mrefu, kilitakiwa kuandika sentimita mia tatu, na kweli kiliandika mia tatu kwa dakika nzima. Kisha kikaandika kumi na tisa na kubaki hapo hapo.

"Umeweka mkono usoni?" aliuliza.

"Mikono nimeikalia, baba. Si wewe uliyeniambia niikalie? Imeshakufa ganzi, na stuli yako hii ina msumari, kama hujui."

Ni kweli alikuwa ameikalia. Fundi aligonga kijikioo kwa ukucha, akakizima, akakiwasha. Kumi na nane.

Binti huyu, ambaye wazazi wenyewe walimbandika jina la Chiriku, alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Homa kali ilimchukulia macho akiwa na miaka kumi na saba. Alilia mwezi mmoja, halafu akarudi kwenye kazi yake ya kuongea. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na hospitali ya jirani ilikuwa imekubali kumwajiri kupokea simu. Walimsikiliza kwa robo saa tu, wakasema sauti kama hiyo wameitafuta miaka. Sharti lilikuwa moja: aanze Jumatatu, na awe anakwenda na kurudi mwenyewe.

Hapo ndipo mama mtu alipotia ngumu. Fimbo nyeupe humwambia mtu yaliyoko chini, mtaro, ngazi, jiwe. Haimwambii dirisha la chuma lililofunguliwa nje au mlango wa lori ulioachwa wazi. Mara ya mwisho dirisha lilimpasua Chiriku juu ya nyusi, akashonwa nyuzi nne. "Hatoki mtu hapa kwenda kupasuliwa uso," mama alisema. Fundi alimjibu taratibu kwamba apewe wiki moja.

Mtaani walimwita Fundi Bampa. Kazi yake ilikuwa kufunga na kutengeneza vile vihisi vinavyokaa kwenye bampa la gari, vinavyolia dereva akirudi nyuma na kukaribia ukuta. Alivijua kama mtu anavyojua meno yake. Kihisi hupiga kelele kali ambayo sikio la mtu haliisikii, kisha hungoja mwangwi. Mwangwi ukirudi upesi, kitu kiko karibu. Ubaya wake ni huu: kikishapiga kelele, kihisi chenyewe huendelea kuvuma kwa muda kidogo, kama kengele iliyogongwa, na wakati kinavuma hakiwezi kusikia kitu. Kwa sababu hiyo watengenezaji hukifanya kizibe masikio kwanza, mpaka mvumo uishe. Kwa gari haina neno. Kilicho ndani ya shibiri moja na kidogo ya bampa ni kama hakipo, na dereva mwenye akili timamu haendi mpaka huko.

Lakini uso wa mtu si bampa. Dirisha likiwa shibiri moja kutoka usoni, limeshakuumiza. Fundi alitaka kihisi kinachoona karibu, karibu kabisa, kwa hiyo alikaa siku tano akiunyamazisha mvumo. Aliongeza rezista ya kuumeza, akazungusha skrubu ya koili kwa bisibisi ndogo mpaka sauti na masikio vikakubaliana, akakikalisha kihisi kwenye mpira. Mwisho akapunguza ule muda wa kuziba masikio, na umbali kisioona ukashuka kutoka sentimita thelathini hadi ishirini, hadi kumi, hadi saba. Alipofika saba alipiga meza kwa furaha. Watu wenye viwanda hawakuwahi kufika hapo, alijiambia, nami nimefika na bisibisi niliyojichongea.

Na sasa kijikioo kilikuwa kikiandika kumi na saba.

Fundi haamini ubaya mpaka aupime. Alibadilisha waya. Akabadilisha betri, kisha kihisi chenyewe. Akamgeuza Chiriku aelekee dirisha, halafu mlango. Akaufunga mkanda kwenye paji lake mwenyewe: mia tatu. Akamwita mkewe, akamfunga: mia tatu, na mkewe akasema anafanana na punda wa harusi. Akamrudishia Chiriku. Kumi na tano.

"Ubovu gani unaojua ni uso wa nani?" mama aliuliza. Alicheka alipouliza, ila alibaki amesimama mlangoni.

Siku hiyo fundi alipima mara sitini na kitu. Ilipofika jioni kilikuwa kumi na tatu.

Jumatano Chiriku aliamka na sauti ya kukwaruza. Alisema chai haina ladha, na kwamba ananusa kutu, kutu iliyolowa, kama ndoo ya zamani iliyoachwa nje kwenye mvua. Mama alinusa, hakunusa kitu. Fundi alikata spika ndogo aliyokuwa ameifunga kwenye mkanda ili ilie kila mara kitu kinapokaribia, akasema inamaliza betri.

"Baba," Chiriku alisema, "umekata mlio kwa sababu haunyamazi. Nimekuwa nausikia tangu jana. Niambie kuna nini mbele yangu."

"Hakuna kitu. Ni saketi."

"Kuna mtu anayevuta pumzi kama anataka kusema jambo," alisema kwa sauti ndogo. "Halafu hasemi. Anavuta tena."

Kijikioo kilikuwa kumi na moja. Fundi alipitisha mkono wake mbele ya uso wa binti yake, ukapita bila kugusa kitu, vidole tu vikapata ubaridi. Akachukua rula yake ya chuma, ile ya kupimia bampa, akaishikilia wima kati ya pua ya mtoto na mahali pale palipokuwa patupu, akahesabu mpaka kumi na kuitoa. Jua lilikuwa kali, bati la karakana linalia kwa joto. Upande mmoja wa rula ulikuwa na mvuke wa pumzi ya Chiriku. Aliigeuza. Upande wa pili nao ulikuwa na mvuke.

Aliifuta kwa shati, haraka, kama mwizi anayeficha kitu, na alipoinua macho akaona mkewe ameona.

Mtu mwingine angeutupa mkanda shimoni siku ile. Fundi hakuweza, na nisingependa kumcheka, maana mzazi gani aliyeambiwa kuna kitu usoni mwa mwanawe atafumba macho? Kila aliposema basi, alijiuliza kimefika wapi, akampima tena. Na kila alipompima kilikuwa kimesogea, na kwa kuwa kilikuwa kimesogea alilazimika kupima tena ili ajue kama kimesimama, na hakikuwa kimesimama. Alhamisi asubuhi kilikuwa tisa. Daktari alimsikiliza Chiriku kifua mbele na nyuma, akampiga picha, akasema mapafu ni mazima kabisa, apewe maji ya uvuguvugu apumzike. Alhamisi jioni kilikuwa nane. Chiriku alikuwa anasema maneno mawili, anapumzika, anasema mawili mengine.

"Jumatatu," alisema. "Nitakuwa... nimepona. Baba. Wasimpe mtu... nafasi yangu."

"Hawampi mtu," fundi alisema. "Usiongee, mama. Pumzika."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwambia mtoto huyo asiongee, na alitoka nje akasimama nyuma ya karakana mpaka machozi yakakauka.

Ijumaa asubuhi kijikioo kiliandika saba. Saa moja baadaye kikaandika mia tatu.

Mama alipiga magoti. "Kimeondoka," alisema. "Mume wangu, angalia, mia tatu. Kimeondoka." Alimshika Chiriku mabega, akamkumbatia, akawa anamwambia kila kitu kimekwisha, akamwambia aseme, aseme lolote, hata matusi. Chiriku alifungua mdomo. Midomo ikaunda maneno vizuri, ulimi ukacheza, na sauti haikutoka, hata ya kunong'ona.

Fundi hakufurahi hata kidogo. Yeye ndiye aliyekitengeneza chombo hicho na alijua kinaona mpaka wapi. Kitu kikiwa mbali kuliko saba, kinaonekana. Kikiingia ndani ya saba, masikio yamezibwa, na chombo kinakuonyesha ukuta ulioko nyuma yake kana kwamba hapana kitu.

"Hakijaondoka," alimwambia mkewe. "Kimepita pale ninapoweza kukiona."

*

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mshona nguo, na alikuwa kiziwi. Alikuwa na cherehani mbili na ukuta wa suruali zisizochukuliwa na wenyewe. Aliwapa daftari na kalamu, akasema, kwa sauti iliyonyooka isiyopanda wala kushuka, "Andikeni. Sikuzaliwa hivi. Zamani nilikuwa nasikia, nilisikia kupita kiasi." Upande wa shingo, chini ya masikio yote mawili, alikuwa na makovu ya zamani yaliyonyooka, na hakuna aliyeuliza aliyapataje.

Fundi aliandika kurasa tatu. Mganga alizisoma polepole huku mguu wake ukichezea kanyagio la cherehani. Kisha akamgeukia Chiriku, akaweka kipande cha karatasi nyembamba ya kukatia shati mbele ya mdomo wake. Karatasi haikupepea kwenda mbele, kama inavyotakiwa mtu akipumua. Ilibaki imesimama wima, imebanwa pande zote mbili, ikitetemeka.

"Sita," mganga alisema. "Labda pungufu. Anakunywa anachotoa mtoto kabla hakijafika nje. Akifika mdomoni kabisa hatamwachia kitu."

"Ni jini?" mama alinong'ona, kisha akakumbuka, akaandika.

"Mwite hivyo, jina halimsumbui. Hawa wamejaa, mama. Wanasimama karibu yetu kama watu kwenye foleni. Sisi hatuna habari nao, wao hawana habari nasi, na hiyo ndiyo amani yenyewe. Huyu alisikilizwa. Kiumbe akisikilizwa husogea. Hata wewe ukipata mtu wa kukusikiliza utavuta kiti."

Akamgeukia fundi. "Hizo kelele za magari. Ni mengi yanayopiga?"

Fundi aliandika: Mengi mno.

"Na yote yanaziba masikio kwanza?"

Yote.

"Basi aliyeyatengeneza alikuwa na busara, au bahati. Wewe ukazibua. Halafu ukasikia kitu, na badala ya kuziba, ukasikiliza tena. Mara ngapi?"

Fundi aliandika namba, akaikata. Mwisho aliandika: Sijui. Mia mbili. Nilikuwa nataka kujua kiko wapi.

Mganga aliisoma, na kwa mara ya kwanza alimtazama kwa huruma. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema. "Nikikufukizia moshi hapa nitakuwa nakudanganya. Hafukuziki, anahama tu. Na anahamia kwa masikio yaliyo karibu zaidi. Kwa mtoto yuko sita. Vaa chombo wewe, umsikilize kwa tano, kwa nne, kwa tatu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukimsikiliza kwa saba, hatageuka."

Chombo hakioni chini ya saba, fundi aliandika.

"Basi kifanye kione. Upesi. Akija, usikizime mpaka usikie mtoto anaongea kama alivyokuwa anaongea zamani. Ukizima katikati, atarudi alikotoka, naye atakuwa na hasira."

Na akishakuja kwangu?

"Asisikilizwe tena na mtu yeyote. Utaishi naye kama mtu anavyoishi na kibyongo. Sauti yako usahau. Pumzi atakuachia ya kutosha, kwa kuwa hatakuwa na mtu wa kumsogeza."

Njiani kurudi, mama alimshika mumewe mkono wa shati. "Nivalishe mimi," alisema. "Wewe una kazi ya watu. Mimi nikikaa kimya mtaa mzima utashukuru."

"Ukikosa sauti, nani atanigombeza?" fundi alisema. Alijaribu kucheka. "Na saketi naijua mimi."

*

Alifanya kazi Jumamosi nzima bila kula. Kutoka thelathini hadi saba kulikuwa kazi ya siku tano. Sasa alihitaji kuondoa sentimita nne nyingine, na hizo nne ni ngumu kuliko zote, maana hapo kihisi kinatakiwa kinyamaze karibu kabla hakijamaliza kupiga kelele. Aliweka kiberiti mezani, sentimita tano mbele ya kihisi. Kijikioo hakikukiona. Alipunguza mapigo ya kelele kutoka manane hadi manne, akapata sita na nusu. Hadi mawili, mwangwi ukawa dhaifu, kijikioo kikaanza kubahatisha. Akaibadilisha rezista, ikameza mvumo na sauti pamoja. Akaing'oa.

Nyuma ya ukuta wa mbao alimsikia Chiriku akipumua. Ilikuwa pumzi ya kuvuta tu, fupi, kama ya mtu aliyeingia maji ya baridi, na kati ya moja na nyingine palikuwa na kimya ambacho fundi alijikuta anakihesabu: saba, nane, tisa. Maji yalikuwa yamemfika fundi shingoni, na alijua kwamba mikono ikitetemeka ataunguza bodi na hana nyingine, kwa hiyo aliikaza kwenye ukingo wa meza mpaka ikatulia, akachukua kisu, akaanza kuukata ule mpira nyuma ya kihisi vipande vyembamba, akitoa kimoja, akijaribu, akitoa kingine, akazungusha skrubu ya koili robo ya robo ya mzunguko, akarudisha, akazungusha tena, huku akisema kwa sauti, bila kujua anasema, ngoja mwanangu, ngoja, ngoja kidogo tu. Jumapili saa tano asubuhi kijikioo kilikiona kiberiti kwenye tano. Saa sita kikakiona kwenye nne. Saa saba kasoro, kwenye tatu, bila kuyumba. Nyuma ya ukuta alihesabu kumi na nne kabla ya pumzi iliyofuata.

Hakungoja. Alijifunga mkanda na kukiteremsha kihisi mpaka juu ya pua, akafunga dirisha, akakaa kwenye stuli akiutazama ukuta, akawasha.

Mia tatu. Mia tatu. Mia tatu.

"Njoo," alisema. "Huku kuna wa kukusikiliza."

Mia tatu. Alisogeza uso mbele kama mtu anayesikiliza neno la siri, akashusha pumzi yake mpaka ikawa ndogo, na ndipo akanusa kutu iliyolowa, kwanza kwa mbali, upande wa mlango wa chumba cha mtoto, kisha chumbani mle mle, kisha ndani ya pua yake, na nywele za mikono zikasimama moja moja, na bati la juu ambalo lilikuwa linalia kwa joto likanyamaza, na sauti za barabarani zikanyamaza, hata saa ya ukutani ikawa inatembea bila kulia, mpaka kilichobaki chumba kizima kikawa ni mtu anayevuta pumzi kana kwamba anataka kusema jambo, halafu hasemi, na kijikioo kikaandika tano.

Nyuma ya ukuta Chiriku alikohoa.

Alikohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu aliyeokolewa majini, na fundi akamsikia mama akisema, Taratibu, taratibu. Kikaandika nne. Kitu baridi kilimgusa midomo, hakikumgusa kama kidole wala kama upepo, kilimgusa kama chuma cha mlango kinavyogusa uso ukikiegemea wakati wa baridi. Mikono yake ilitaka kuung'oa mkanda. Aliikalia.

"Maji," Chiriku alisema. Halafu, "Haya ya moto, mama. Nimesema maji."

Usizime, fundi alijiambia. Huyu bado hajaanza kuongea kama zamani. Kikaandika tatu, kikayumba, kikaandika mia tatu, kikarudi tatu, na kifua chake kilipanda bila kupata kitu, na macho yakaanza kuona madoa meusi, na kutoka nyuma ya ukuta sauti ya mwanawe ilikuwa inajaa kidogo kidogo, ikiuliza ni siku gani leo, ikisema Jumapili mmeniacha nilale mpaka Jumapili, ikiuliza nani ameweka mablanketi matatu mtu mmoja kwani anahamishwa, ikiuliza nywele zake zimefanywa nini, ikimwambia mama kwamba kama analia alie baadaye sasa atafute ile sketi ya bluu ipigwe pasi, na ilipofika hapo ikacheka, kicheko chake kile cha kupanda ngazi, na fundi akachomoa waya.

Aliivunja bodi kwa nyundo, na kihisi, na kijikioo, na karatasi ya michoro akaichoma kwenye bati. Kisha akaingia chumba cha pili, akasimama mlangoni, akafungua mdomo amwite mwanawe. Alijaribu mara tatu. Mkewe alimtazama, akajiziba mdomo kwa kanga ili kilio kisitoke.

"Ni baba huyo?" Chiriku aliuliza. "Mbona hasemi? Baba, umechukia?"

"Ana mafua," mama alisema. "Koo limefunga. Atakuwa anagonga."

Fundi aligonga mlango mara mbili.

*

Jumatatu Chiriku alikwenda kazini na fimbo yake na kofia ya mama, kofia ngumu ya ukingo mpana uliotangulia shibiri nzima mbele ya uso. Dirisha lolote lingegonga ukingo kwanza. Mama ndiye aliyeifikiria, kwa muda wa kuvaa viatu. Fundi aliitazama ile kofia ikitoka getini na akataka kujipiga kichwa ukutani.

Saa saba mchana simu ya nyumbani ilikuwa mezani, na mama alikuwa uani anaanika nguo. Ikaita. Fundi aliona ni namba ya Chiriku. Kwa siku nzima alikuwa amekaa na ubaridi ule midomoni, umetulia kama mganga alivyosema, na kitu kimoja tu alichokitaka duniani kilikuwa kumsikia huyu mtoto akiongea. Akapokea, akagonga simu kwa kucha mara mbili.

"Baba! Nilijua utakuwa wewe. Sikiliza, nimepokea simu themanini na tatu, moja tu ndiyo iliyonitukana, na huyo nimemjibu kwa adabu mpaka ameomba radhi. Kiti kinazunguka. Wameniambia nina masikio, baba, nasikia mpaka mtu anayenong'ona nyuma ya anayepiga. Na chakula chao hakina chumvi lakini ladha nimeipata, nimepata ladha yote. Unanisikia?"

Aligonga mara mbili. Machozi yalikuwa yanateremka hadi kidevuni na hakuyafuta.

"Umekula? Usikae na njaa kwa sababu..."

Kisha akanyamaza. Chiriku hakuwa mtu wa kunyamaza kwenye simu. Fundi aliibana simu sikioni akidhani imekatika, na haikuwa imekatika. Alimsikia ametulia, amezuia hata pumzi.

"Baba," Chiriku alisema, kwa sauti ya chini. "Huyo anayepumua karibu na simu kuliko wewe ni nani?"

Ubaridi ulisogea. Ulitoka midomoni mwake, ukapita shavuni, polepole, kuelekea upande wa simu. Koo lake lililokuwa limefungwa tangu jana likalegea, hewa ikaingia tele, na akahisi sauti yake mwenyewe imerudi, nzima, iko pale kwenye ncha ya ulimi. Angeweza kumwita. Lingetoka neno zima.

"Ngoja, usikate," Chiriku alisema. "Nasikiliza."

Fundi alikata simu.

Ubaridi ukarudi, ukamkalia midomoni. Simu iliita tena papo hapo, ikaita mara ya tatu, na mama akaingia na kapu la nguo kiunoni. "Si ni mtoto huyo? Mbona hupokei?"

Alichukua penseli yake ya kuwekea alama mabampa, akaandika nyuma ya gazeti: Ana masikio mazuri mno. Asinisikie tena. Wala nikipumua. Mama alisoma, akasoma tena, akaketi chini na kapu lake.

Saa kumi na moja walisikia fimbo ikigonga jiwe la getini, na Chiriku akianza kusimulia kabla hajafika mlangoni. Fundi alikuwa ameshavua viatu. Alivibeba mkononi, akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma bila kuutikisa. Mkewe alikuwa ameongeza sauti ya redio, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa ndani ya nyumba ile.

"Baba yuko wapi?" alimsikia Chiriku akiuliza. "Mama, punguza hiyo redio. Baba yuko wapi?"

Aliufunga mlango, akaenda.